Dhamana ya mjane wa Gongoni

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya probesheni, la kwanza ninalotaka kuwaambia ni habari ya viatu. Msicheke. Nunueni viatu visivyo na kamba. Kazi yetu ni kwenda majumbani kuulizia habari za watu walioshtakiwa, na pwani hii huingii nyumba ya mtu na viatu. Mzee Mutua, aliyenifundisha kazi, alitoka Kitui na mabuti yake ya kamba ndefu. Akiambiwa "karibu" huko Mambrui, huinama mlangoni afungue kamba, mguu huu kisha ule, na kitambi alikuwa nacho. Mpaka amalize, waliomo ndani wamekwisha kukubaliana la kumwambia. Mimi na makubadhi yangu nilikuwa zamani nimeketi jikoni na kina mama, nasikia mambo.

Jina langu Zuhura, mzaliwa wa Malindi, na kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu. Sasa najipikia nitakacho, naamka nitakapo, na nimenenepa kwa raha zangu. Watu hudhani aliyekaa na kesi za mauaji miaka yote hiyo hapati usingizi. Mimi nalala fofofo. Kilichonichosha ni maswali ya harusini. Nikikaa tu mkekani, pilau haijaletwa, mtu atanigeukia: "Bi Zuhura, mtu akiua kwa kujihami, kwa nini ashtakiwe?" Na yule wa pembeni yake atadakia: "Na aliyeshtakiwa kwa kuua, kwa nini apewe dhamana arudi mtaani?" Hao wawili hula sinia moja na hawaoni kwamba maswali yao yanagombana.

Kwa wa kwanza huwa namsimulia yule mlinzi wa Kikambala. Alikuwa akilinda nyumba isiyokwisha kujengwa, silaha yake upinde na mishale. Mwizi aliingia na panga, akaliinua juu. Lau mlinzi angempiga mshale pale pale, nadhani kesi yake ingekwisha mapema. Lakini mwizi alipoona upinde alilitupa panga, akaruka ukuta, akakimbia. Mlinzi naye akaruka, akamfuata mpaka barabarani, akampiga mshale wa mgongo, akafa. Nilimwuliza rumande, "Mbona ulimfuata baba? Si alikuwa ameshaondoka?" Akanijibu, "Mama, nilikuwa nimekasirika." Alikuwa mtu mkweli, na ukweli huo ndio uliomfunga. Kujihami huisha pale hatari inapoisha. Ukiendelea baada ya hapo, hiyo ni hasira, na hasira ina kesi ya kujibu.

Lakini sikilizeni: hata huyo alipewa dhamana, na mimi ndiye niliyependekeza. Alikuwa na mji wake, mke, wazee wanaomjua, na jamaa wa marehemu walikaa mbali na hawakuwa na haja naye. Dhamana haimwulizi mtu kama alikosa, hilo la jaji kulijua mwisho wa kesi. Huuliza kama atarudi mahakamani akiitwa, kama atawaacha mashahidi wapumue, na kama yeye mwenyewe atakuwa hai siku hiyo ikifika. Sheria yetu inasema hata anayeshtakiwa kwa mauaji anastahili dhamana, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumnyima. Sisi ndio hutumwa kuitafuta hiyo sababu nzito, kama ipo.

Na kuitafuta kuna namna yake. Mutua alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata siku moja: unaanza kwa waliofiwa. Ukianza kwa jamaa wa mshtakiwa, habari zitakutangulia, na ukifika kwa wafiwa utakuta mlango umefungwa na kila mtu ana kichwa kinauma. Gari la serikali liache dukani. Ukipewa maji, kunywa. Ukikuta wanapika, shika kisu usaidie, hata kama hujui kukata kitunguu. Mutua hakujua, na kina mama wa pwani walimcheka mpaka machozi, kisha wakamweleza yote. Sijui mpaka leo kama kweli hakujua au alikuwa akijifanya.

Basi hayo yote niliyafanya katika kesi ya Rukia, na bado mambo yakanipiga chenga.

Rukia alikuwa akifanya kazi ya chumvi kule Gongoni. Mumewe, Athmani, alikuwa dereva wa bodaboda. Hawakuwa na mtoto. Walikaa katika ua wa mamake Athmani, Bi Mwanasiti, mlango wao umeelekeana na wake. Adhuhuri moja, Bi Mwanasiti akiwa ameenda matangani Mambrui, Athmani alimbana mkewe ukutani jikoni akamkaba koo. Majirani waliokuja mbio waliziona alama za vidole shingoni, na daktari akaziandika. Katika kuhangaika, mkono wa Rukia ulipapasa ukaukuta mchi wa kinu. Akampiga nao kichwani. Athmani akaanguka chali na hakuinuka tena.

Mtasema hiyo ni kujihami, kesi ya nini? Kesi ilizaliwa kwa sababu marehemu alikuwa na majeraha mawili, moja la paji la uso na moja la kisogoni. Rukia alisema alimpiga mara moja tu, na lile la kisogoni alilipata alipoangukia kidato cha mawe. Upande wa mashtaka ulisema la pili alipigwa akiwa ameshaanguka. Mnaona tofauti? La kwanza ni la mtu anayetafuta pumzi. La pili, kama kweli lilipigwa, ni kama ule mshale wa Kikambala. Kwa hiyo siwalaumu waliompeleka mahakamani. Jeraha la pili lilitaka majibu, na majibu hutolewa mbele ya jaji, si barazani kwa watu wanaokunywa kahawa. Nililolilaumu ni kumwandikia mauaji ya kukusudia wakati alama za vidole vya mtu zingali zinaonekana shingoni mwake. Hilo nililisema ofisini kwa sauti, nikaambiwa nirudi kwenye kazi yangu. Nikarudi.

Nilianza kwa wafiwa. Bi Mwanasiti alikuwa mwembamba, mrefu, amekaa kwenye mkeka na tasbihi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Nilipomwuliza kuhusu dhamana, akasema, "Mimi sina la kusema," na kweli hakusema. Aliyesema ni Bakari, ndugu mdogo wa marehemu. Alisimama mlangoni, macho mekundu.

"Andika hivi," akaniambia. "Huyo mwanamke akikanyaga ua huu, mtakuja kumchukua na machela."

Niliandika. Nyinyi pia mkiambiwa hivyo andikeni, msimlainishie mtu maneno. Halafu nikaenda Mnarani kwa kaka yake Rukia, mwenye nyumba nzuri na mke mkarimu, tayari kumpokea na kumdhamini. Kwangu mimi hesabu ilikuwa imekubali. Nikapendekeza apewe dhamana, akakae Mnarani, mbali na wafiwa, asiguse Gongoni mpaka kesi iishe. Ndivyo ripoti zetu zote zinavyokwenda: mshtakiwa kule, wafiwa huku.

Siku ya kusikilizwa jaji alisoma, akaelekea kukubali. Alikuwa mama mmoja wa bara, mtaratibu, asiyependa kupoteza wakati. Mara Rukia akainua mkono kizimbani.

"Mheshimiwa, nashukuru. Lakini Mnarani siendi."

Wakili wake alifunika uso kwa mikono miwili.

"Unataka kubaki rumande?" jaji akauliza.

"Nataka kukaa eda ya mume wangu. Na eda hukaliwa nyumbani kwa mume."

Mwendesha mashtaka aliruka kama aliyekalia siafu. Mshtakiwa aishi na mama wa marehemu! Hilo halijawahi kusikika! Jaji akamwashiria aketi, akanigeukia mimi. "Bi Zuhura, nifahamishe. Eda yenyewe ikoje hasa?" Nikaeleza pale pale: mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, na hukaa katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Jaji akauliza kama hata anayehofia maisha yake hulazimika kukaa hapo. Nikasema, hapana, huyo ana ruhusa ya kuhama, na hata mashekhe watamwambia hivyo. Sote tukamtazama Rukia. Alikuwa ametazama chini, akatikisa kichwa kukataa. Jaji akaniamuru nirudi Gongoni nikaandike upya.

Nilishuka mahabusu nikiwa na hasira, nawaambia wazi. Nilimwuliza, "Una akili wewe? Umesikia maneno ya Bakari? Ukifa, hiyo eda ataimaliza nani?"

"Bi Zuhura," akasema, "wote wanasema nilitaka afe. Nikienda kukaa kwa kaka yangu, nile vizuri, nilale vizuri, nitakuwa nimewaitikia. Mimi sikutaka afe. Nilitaka aniache nipumue."

Nikachukua mkoba wangu, nikapanda gari la Gongoni.

Huko Gongoni, mara ya pili, nilimkuta Bi Mwanasiti uani anakuna nazi. Nikavuta kigoda. Nikachukua kizio cha pili na mbuzi ya kukunia ya jirani, nikakuna. Tulikuna weee, hata nikafikiri nitaondoka mikono mitupu tena. Mwisho nikamwambia alilolisema Rukia mahakamani. Mikono yake ikasimama.

"Amesema hivyo? Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote, mama. Na jaji."

Akaendelea kukuna. Kisha akasema, na hili nitawapa kama alivyolisema, kwa kuwa nimelichukua popote nilipokwenda tangu siku ile:

"Nisikize vizuri, mwanangu. Usende ukaandika kuwa nimemsamehe. Sikumsamehe. Yule ni mwanangu, nimemzaa mimi. Lakini mwanangu hakuwacha mtoto, hakuwacha shamba. Amewacha mke. Watu wa mji huu wapita hapo nje na kusema Athmani hata wa kumkalia eda hana, mkewe yuko jela. Wanitia aibu mara mbili. Yule mwanamke ni wa mwanangu, na eda ni ya mwanangu. Naaje aikae."

"Na Bakari, mama?"

Akainua sauti bila kugeuka. "Bakari!" Bakari akatoka chumbani. "Kuanzia leo utalala Ngomeni kwa ami yako, hata eda ishe. Na ukimgusa mke wa nduguyo, naye nimemwita mimi, mimi si mamako."

Bakari alinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyetunga hayo. Akabeba nguo zake kwenye mfuko wa plastiki akaondoka siku hiyo hiyo. Chifu nilimwona, majirani watatu niliwaona, wote wakasema akishasema Bi Mwanasiti huwa imekwisha. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo sikulisoma popote: wakati mwingine mahali pa salama kabisa kwa mshtakiwa ni kwa yule mwenye haki kubwa zaidi ya kumchukia, kama mwenye haki hiyo mwenyewe ndiye amemwita. Lakini msiende mkalifanya hili kanuni. Nimelipendekeza mara moja katika maisha yangu, na niliulizia mpaka watu wakanichoka.

Jaji alitoa dhamana. Kaka wa Mnarani akawa mdhamini. Rukia akae siku za eda zilizobaki Gongoni, Bakari asiingie ule ua, eda ikiisha tu mshtakiwa ahamie Mnarani. Na mwisho, kwa mazoea ya mahakama, akaongeza kwamba mshtakiwa aripoti kituo cha polisi kila Jumatatu. Ikabidi nisimame. "Mheshimiwa, mwenye eda hatoki." Jaji akavua miwani. "Basi polisi wamfuate," akasema.

Polisi aliyetumwa alikuwa konstebo mmoja kijana kutoka Bungoma, ana adabu zake, amefika pwani juzi. Jumatatu ya kwanza akapiga hodi. Bi Mwanasiti akamzuia pale pale mlangoni.

"Wataka nini?"

"Nimekuja kumwona mshtakiwa."

"Mwenye eda haonwi na wanaume kando."

"Mama, mimi ni polisi."

"Kwani polisi si mwanamume?"

Kijana akajikuna kichwa. Wakaafikiana Rukia ajibu kutoka ndani. Konstebo akaita, "Rukia, uko?" na sauti ikaitika, "Niko." Akarudi kituoni. Mkubwa wake akamwuliza atajuaje kama ni Rukia, huenda ni jirani. Wiki iliyofuata akaja na ujanja: amwulize jina la babu yake. Bi Mwanasiti akajibu yeye kabla Rukia hajafungua mdomo, na akamwongezea na babu wa babu. Kwa wiki kadhaa kijana yule alipewa chai na mahamri pale kizingitini akalinda sauti. Nilipopata habari nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikaomba nibadilishane naye, niwe naenda mimi. Alisikitika kidogo. Nadhani ni kwa ajili ya mahamri.

Nilikwenda, basi, kila wiki. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuta mapenzi mle ndani. Nilikuta wanawake wawili wanaopika chungu kimoja na kula bila mazungumzo. "Chumvi." "Hii hapa." "Kumeadhiniwa." "Ndiyo, mama." Mambo ndiyo hayo. Rukia kajifunga nguo nyeupe, kakonda. Hakuna aliyemtesa na hakuna aliyemchekea. Kila nikitoka nilijiuliza kama nimefanya jema au nimewafungia watu wawili katika jela ya nyumbani.

Kesi yenyewe ilikwenda taratibu, kama zetu zote. Mwishowe jaji aliamua kwenda kujionea jikoni kwa macho yake. Akasimama pale alipokuwa Athmani, akakitazama kidato cha mawe, akamwuliza daktari maswali yake. Akaamua kwamba pigo lilikuwa moja, na lilipigwa na mtu anayenyongwa. Rukia akaachiwa huru. Tangu akamatwe mpaka siku hiyo hakukosa mahakamani hata mara moja, na asingekuwa na dhamana angekuwa ameupoteza ujana wake rumande kwa kosa ambalo hakulifanya. Huyo mwulizaji wangu wa pili, yule wa pilau, nikimfikisha hapa huwa anatafuta maji ya kunywa.

Lakini hukumu mtazisoma wenyewe. Mimi nataka niwarudishe nyuma, siku eda ilipokwisha.

Nilifika asubuhi na gari la ofisi, kwa sababu amri ilisema siku hiyo Rukia ahamie Mnarani. Kwa desturi, mjane akitoka eda wanawake humkusanyikia, mtu mzima mmoja humwogesha, akavishwa nguo mpya, akafukizwa udi. Siku hiyo hakuja mtu. Jirani mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine ana safari, mnajua watu. Rukia alikuwa amesimama uani na leso moja, anangoja, na aliona hakuna wa kuja. Nikawa najitayarisha kusema basi, nitamwogesha mimi, ingawa mimi ni mtu wa serikali.

Bi Mwanasiti akatoka chumbani, ameshakunja mikono ya kanzu yake. Akachukua kata ya kuchotea maji.

"Nawe, usisimame tu," akaniambia. "Nishikie ndoo."

Tukaingia bafuni pale uani, sisi watatu, hapatoshi. Alimwosha kichwa kwanza, kwa nguvu, kama anayeosha mtoto mtundu. Akamwosha mikono. Akamwambia, "Geuka." Rukia akasita. Akageuka polepole, akaiteremsha leso.

Mgongo ule sikuwa nimeuona. Daktari alikuwa ameandika shingo, na mimi niliandika alivyoandika daktari. Ulikuwa na makovu ya waya, ya zamani, yamepishana, mengine yamekuwa meupe. Bi Mwanasiti alisimama na kata mkononi, maji yanamwagika chini. Akaweka kidole juu ya kovu moja refu karibu na bega.

"Hili nililisikia," akasema.

Rukia hakugeuka.

Bi Mwanasiti akasogeza kidole kwenye jingine. "Na hili. Nilikuwa nimeketi pale pangu. Nikainuka, nikaongeza sauti ya redio."

"Najua, mama," Rukia akasema. "Nilikuwa naisikia."

Nje dereva akapiga honi. Nikampigia ukelele kwamba atangoja. Bi Mwanasiti akachota maji mengine, akapima joto lake kwa kiganja, akaanza kuuosha ule mgongo, kovu baada ya kovu, taratibu, analia kwa sauti, na Rukia ameegemeza kichwa ukutani, naye analia. Mimi nilishika ndoo.